BENDERA NI AHADI, NA AHADI NI DENI



Kuna neno limeanza kutembea viwandani, na tusipolijibu mapema litatuharibia kazi. Neno lenyewe ni hili: kwamba mfanya kazi anayedai haki yake hana uzalendo.

Tumelisikia kwa masikio yetu. Tawi letu moja lilitoa notisi ya mgomo kwa sababu ya shauri la vibarua. Shauri hilo lilijadiliwa mwaka mzima, likapelekwa kwa mpatanishi, likarudi kama lilivyokwenda. Viongozi wa tawi walipoitwa ofisini, Bwana Meneja hakuwajibu neno juu ya vibarua. Aliwaonyesha kwa dirisha bendera ya Kenya iliyotundikwa langoni, akawauliza kama wanaipenda nchi yao. Akasema nchi inajengwa, nao wanataka kuibomoa.

Jina la kiwanda hatulitaji, maana mazungumzo hayajakwisha, na tena ugonjwa huu si wa kiwanda kimoja. Wala maneno ya meneja si ajabu sana kwetu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kilichotusumbua ni kwamba baadhi ya wenzetu walitoka mle ofisini vichwa chini. Mmoja wao, mwanachama wa siku nyingi na asiye mwoga, alisema afadhali notisi iondolewe, watu wasije wakatuita maadui wa taifa.

Tawi hilo litakutana Jumamosi kuamua kama notisi isimame au iondolewe. Hatuandiki haya ili kuwaambia wapige kura upande gani. Hiyo ni haki yao. Twaandika ili mtu ye yote asiende kupiga kura akiwa ameona haya mbele ya bendera yake mwenyewe.

LANGONI SIKU YA MADARAKA

Tulikwenda kujionea. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka. Bendera ilikuwa mpya, na mlingoti umepakwa rangi nyeupe. Chini ya mlingoti huo walisimama vibarua wapata sitini, wanaume kwa wanawake, wakingoja karani atoke na daftari. Karani alitoka, akachagua arobaini, akawaambia waliobaki wajaribu kesho. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Waliobaki walifunga vizuri makoti yao, wakarudi kwa miguu walikotoka.

Jioni tuliongea na mama mmoja katika wale waliochaguliwa. Amekuwa akifunga bidhaa katika kiwanda hicho mwaka wa nne sasa. Kila mwezi ukikaribia kwisha huambiwa apumzike siku mbili tatu, kisha hurudi akapewa namba mpya, kana kwamba hajapata kuonekana mahali pale. Hana barua ya kazi. Hana likizo. Alipojifungua mtoto wake wa pili alikaa nyumbani bila hata senti moja. Siku hiyo redio ya ofisini ilipopiga wimbo wa taifa, wakubwa walisimama wima, naye alisimama pia, katoni mikononi. Saa ya kutoka alilipwa ujira wa siku moja, ingawa amri ya serikali juu ya mishahara yataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili.

Mama huyu hakuwa na hasira. Alisema wimbo wa taifa anaupenda, na huwafundisha watoto wake. Ila alituuliza: Madaraka haya ni madaraka juu ya kitu gani?

Hilo ndilo swali. Tulijibu kwa utaratibu.

ALAMA ZETU ZASEMA NINI?

Usiku wa manane, tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1963, bendera ya Mwingereza iliteremshwa na yetu ikapandishwa, pale panapoitwa leo Uhuru Gardens, njia ya Langata. Rangi zake hazikuchaguliwa kwa kupendeza macho tu. Nyeusi ni watu wa Kenya. Nyekundu ni damu iliyomwagika kwa kupigania Uhuru. Kijani ni ardhi na utajiri wake. Nyeupe ni amani. Ngao na mikuki ni ya kulinda hayo yote.

Basi tazameni. Nyeusi haikusema watu wenye ofisi. Ilisema watu. Nyekundu haikusema damu ya viongozi peke yao. Kijani haikusema ardhi ya mtu mmoja mmoja aliyewahi. Kila rangi katika kitambaa kile ni neno la ahadi, na ahadi ile ilitolewa mbele ya ulimwengu mzima. Wazee wetu wamesema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Sasa tia mkono mfukoni, ndugu, utoe sarafu moja uitazame. Utaona nembo ya taifa: simba wawili wameshika ngao na mikuki, na katika ngao yumo jogoo. Jogoo huyo ameshika shoka. Shoka si pambo la wafalme. Ni chombo cha kazi. Na chini ya miguu ya simba, katika picha kamili ya nembo, pana Mlima Kenya pamoja na mazao ya nchi: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Twauliza, ni nani aliyeyavuna? Ni nani aliyekata mkonge mpaka mikono ikatoka damu kwa miiba? Ni nani aliyechuma chai kwenye umande na baridi ya Kericho, na mananasi katika jua la Thika? Waliochora nembo ya Kenya walipotafuta jambo la kuonyesha fahari ya nchi, walichora kazi ya mikono yetu.

Na chini kabisa kuna neno moja tu: Harambee. Vijana wengi hudhani neno hili lilizaliwa katika mikutano ya siasa. Sivyo. Kabla ya kuwa neno la taifa lilikuwa ukelele wa wafanya kazi wanaovuta kamba au kuinua mzigo mzito kwa pamoja. Mmoja huita, wengine huitika, na mzigo huondoka. Kila aliyebeba magunia bandarini au mataruma ya reli anaijua kanuni ya ukelele ule. Haisemi, wewe vuta nami nitahesabu. Haisemi, inua leo nikufukuze kesho. Yasema tuvute sote. Mtu anayeandika Harambee juu ya lango lake, na ndani ya lango akawavutisha wengine mzigo yeye amekaa juu yake, hakulielewa neno.

UHURU NI NENO LA KAZI

Tena lipo neno Uhuru lenyewe. Hili nalo halikuanza katika siasa. Pwani yetu ilijua watu wa namna mbili, mtumwa na mtu huru. Mtumwa alikuwa mtu ambaye jasho lake si lake. Huenda alikula vizuri, huenda alivaa vizuri, huenda bwana wake alikuwa mpole. Lakini hakuwa na neno juu ya kazi yake, wala juu ya ujira wake, wala juu ya kesho yake. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tangu hapo, babu zetu walipolitamka neno Uhuru walijua maana yake hasa: mwenye uhuru ni mtu mwenye neno juu ya jasho lake.

Lakini mara utumwa ulipofutwa, kipande kikaja. Sheria yake iliandikwa mwaka 1915, na kuanzia 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuandikishwa, kupigwa alama za vidole, na kutembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Tajiri aliandika humo mshahara wake na siku alizofanya kazi. Aliyetoroka kazi alikamatwa kama mwizi. Wazee waliovaa kikopo hicho walikifananisha na kengele ya mbuzi. Hawakuhitaji kitabu ili wajue kwamba Uhuru na kazi ni jambo moja.

WALIODAI WALIITWAJE?

Mwaka 1921 matajiri waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya serikali, aliwakusanya watu kupinga jambo hilo pamoja na kipande na kodi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye wafanya kazi wa Nairobi waliacha kazi wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai. Wanaume waliposita, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alitoka mbele akawaaibisha. Bunduki zikalia. Watu zaidi ya 20 waliuawa, naye Muthoni akiwa mmojawapo.

Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma mji mzima, wapata watu 15,000: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina wenyewe, Kiwanja cha Maskini. Walidai mshahara unaofanana na bei za vitu. Walisimama siku 12 pamoja, na baadaye mishahara ikapandishwa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akahamishwa mpaka Baringo, akazuiliwa huko miaka kumi hivi.

Tarehe 1 Mei 1949 Fred Kubai na Makhan Singh waliunda muungano wa vyama vya wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa hadhara uliofanyika Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alisimama akadai Uhuru kamili kwa nchi zetu. Wakati huo wengi walikuwa bado wakiomba viti viwili vitatu zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria. Kabla mwezi haujatimia wote wawili walikuwa wamekamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma zaidi ya juma moja. Makhan Singh alizuiliwa mpaka Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Mtu huyu alizaliwa Punjab, si Kenya. Basi wale wanaopima uzalendo kwa kabila na mahali mtu alikozaliwa na wampime kwa miaka hiyo 11.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Serikali ya wakati ule ilitangaza kwanza kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Hola iko kando ya mto Tana, katika nchi ya Wapokomo. Na miaka minne baadaye, walipoketi watu watano kuutengeneza wimbo wetu wa taifa, mahadhi yake yalichukuliwa katika wimbo wa kina mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila tunapousimamia wimbo huo, tukumbuke kwamba mto uliotupa sauti yake ulishuhudia watu waliokufa kwa kukataa kufanyishwa kazi kwa fimbo.

Twawataja hawa kwa sababu moja. Kila mmoja wao aliambiwa neno lile lile tunaloambiwa leo. Waliitwa wakorofi, wachochezi, maadui wa amani, watu wasioitakia nchi heri. Leo tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa, na kazi hufungwa kwa heshima ya watu waliodai. Hakuna nchi inayoweka sikukuu kwa ajili ya walionyamaza.

BENDERA IKO JUU, HAKI IKO WAPI?

Wengine watasema: hayo yalikuwa ya Mkoloni, na Mkoloni amekwenda. Ni kweli amekwenda, na twamshukuru Mungu. Lakini tuseme kweli yote. Bendera yetu imepepea tangu 1963, lakini haki za wafanya kazi zimeshushwa mara nyingi chini ya bendera hiyo hiyo. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali kilifutwa, na watumishi wakakaa miaka ipatayo 20 bila chama kabla hakijaandikishwa tena. Siku zote hizo bendera ilipepea juu ya ofisi zao, na wimbo uliimbwa.

Tena yuko Kisoi Munyao. Usiku ule wa Uhuru alipanda Mlima Kenya na bendera yetu, akaisimamisha huko juu kwenye theluji. Picha yake inajulikana na kila mtoto wa shule. Alifariki mwaka 2007, na magazeti ya wakati ule yalieleza kwamba alimaliza umri wake katika shida. Bendera aliyoibeba ilifika kileleni, na mwenyewe alibaki bondeni. Si yeye peke yake.

Basi alama na kitu chenyewe ni mbali mbali. Stakabadhi si pesa. Stakabadhi hukuonyesha kwamba unadai, na ukienda nayo pahali pake ulipwe. Bendera ni stakabadhi ya taifa. Mwenye kuitunza vizuri ni yule anayekumbuka ni nini kilichoandikwa humo, akaenda kukidai. Anayeitundika ukutani na kusahau deni ameipenda karatasi tu.

Juni 2024 tuliona vijana wengi mno wakitoka njiani katika miji yetu kupinga Mswada wa Fedha, na wengi wao walijifunga bendera mabegani. Tarehe 25 wengine walipigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Hatusemi kila kilichotendeka siku zile kilikuwa chema, maana mali za watu wasio na hatia ziliharibiwa. Lakini jambo moja lilitugusa. Vijana ambao tulikuwa tukiwaambia hawana uzalendo, walipotaka kusema neno zito juu ya maisha yao, waliikimbilia bendera. Waliijua kuwa ni yao.

SHERIA YATUPA NINI?

Haki tunayoidai si ndoto, wala si zawadi ya tajiri. Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 9 imetaja alama za taifa: bendera, wimbo, nembo na muhuri. Lakini ukurasa haukuishia hapo. Kifungu cha 10 kimetaja uzalendo kuwa tunu ya taifa, na katika orodha hiyo hiyo kimetaja utu, usawa, haki za jamii na kutobaguliwa. Kifungu cha 41 kimempa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, hali nzuri ya kazi, kujiunga na chama, na kugoma. Maneno haya yote yametoka katika kitabu kimoja. Hatuwezi kuruhusu mtu asome ukurasa wa bendera akaupasua ukurasa wa mgomo. Notisi yetu ya siku saba, iliyoandikwa baada ya upatanishi kushindwa, ni sheria. Si uasi.

Na kwa vibarua, someni Sheria ya Kazi ya 2007, sehemu ya 37. Kibarua kwa sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akiendelea kufanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanya kazi wa mwezi, na hapo ana haki ya notisi. Akitimiza miezi miwili tangu aandikwe, anastahili masharti kama mtu ambaye hakuwa kibarua tangu mwanzo. Yule mama wa langoni yu mwaka wa nne. Zile siku mbili tatu za kupumzishwa na ile namba mpya kila mwezi si desturi ya kazi. Ni hila ya kuikimbia sheria. Twauliza tena: kati ya yule anayeikimbia sheria ya Kenya na yule anayeidai, nani mzalendo?

Tusiwasahau na dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Kila mmoja huondoka na pasipoti yenye ile nembo ya simba wawili. Wengine wakifika tu hunyang'anywa na tajiri, ikafungiwa kabatini, na wao wakafungiwa nyumbani. Nembo ile imechorwa na ngao. Kama ngao hiyo haimkingi binti wa Kenya aliye jikoni kwa watu, basi yampasa kila mzalendo kuuliza kwa nini.

NA SISI TUJIKAGUE

Lakini mnyoshea kidole mwenzake, vingine vitatu humrudia mwenyewe. Uzalendo una wajibu, na sisi hatuukatai. Mfanya kazi anayeiba vyombo vya kazi, anayechelewa kila siku na kumwachia mwenzake mzigo, anayeuza dawa za hospitali au kuomba chai kabla ya kumhudumia mwananchi, huyo naye anaipasua bendera. Tukidai ujira wa haki, tutoe kazi ya haki.

Tena katika vyama vyetu tuangalie. Wako wanaochagua katibu wa tawi kwa kabila lake. Wako viongozi waliokaa kitini mpaka wakasahau harufu ya kiwanda, ambao siku ya Mei Mosi hutoa hotuba kali na siku ya pili hula chakula na tajiri kwa mlango wa nyuma. Na wako wanachama wenye kazi ya kudumu, wenye likizo na barua zao, ambao humpita kibarua langoni kila asubuhi bila salamu. Hawa hudhani shauri la kibarua si lao. Wanajidanganya. Tajiri akiweza kupata mtu wa kufanya kazi yako bila likizo wala barua, barua yako nayo haina miaka mingi.

JUMAMOSI

Basi ndugu wa tawi lile, nendeni mkutanoni, na wanachama wa matawi mengine fikirini nasi. Twaomba mambo matatu.

Kwanza, mtu asipige kura kwa hofu ya kuitwa si mzalendo. Pimeni notisi kwa mizani yake: je, madai ni ya haki? Je, njia ya sheria imefuatwa? Je, tumejiandaa na tumeungana? Kama jibu la moja ni hapana, rudini mezani bila aibu. Kama ni ndiyo, simameni bila aibu.

Pili, waleteni vibarua wenyewe mkutanoni wasikilizwe. Tusiwasemee watu waliopo kana kwamba ni mabubu. Na kila mmoja aje na kumbukumbu zake, tarehe na namba alizopewa, maana mbele ya mahakama ya kazi karatasi husema kuliko kelele.

Tatu, kama mgomo utasimama, usimame kwa amani. Pasirushwe jiwe, pasivunjwe kioo, na asitukanwe mtu. Na ile bendera ya langoni isiguswe. Iacheni juu pale ilipo, simameni chini yake. Meneja aliionyesha akidhani ni yake. Naye ni mwananchi kama sisi, na ana haki ya kuiheshimu. Lakini walioilipia kwa damu walikuwa wafanya kazi, na jogoo wa nembo ameshika shoka letu.

Mchumia juani hulia kivulini. Yule mama amechuma juani miaka minne. Alituuliza Madaraka ni madaraka juu ya kitu gani, nasi twamjibu hapa mbele ya wanachama wote: ni madaraka juu ya jasho lako, mama. Bado hujalipwa. Tutakwenda kudai pamoja nawe.

Umoja ni nguvu. Harambee!

Halmashauri ya Gazeti